Ramatoulaye si mnyonge: tunayoyakosea katika “Barua Ndefu Kama Hii”

Kila mwaka, tukifika katikati ya riwaya hii ya Mariama Bâ, mwandishi wa Senegal, mkono mmoja hunyooshwa kutoka dawati la nyuma, na huwa najua kitakachosemwa kabla mwenye mkono hajasimama. “Mwalimu, huyu Ramatoulaye ni mnyonge. Mumewe kaoa kabinti, yeye kanyamaza. Aissatou ndiye mwanamke.” Darasa linaitikia, wengine wanagonga meza. Nafundisha fasihi miaka 19 sasa. Mwezi uliopita maneno hayohayo nimeyasikia barazani, kwenye kikundi chetu cha kusoma cha watu wazima hapa Tanga, tena kutoka kwa mtu aliyekiri kwamba kitabu alikiacha nusu. Nilimjibu kwa ukali, na haraka mno. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Kwa aliyekisahau: kitabu kilitoka Dakar mwaka 1979, kwa Kifaransa, na mwaka 1980 kikawa cha kwanza kabisa kupata Tuzo ya Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1981, na sisi tunacho kwa Kiswahili. Mwalimu wa Dakar, Ramatoulaye, mama wa watoto 12, yuko ndani ya eda. Mumewe Modou Fall amefia ofisini kwa mshtuko wa moyo. Anafungua daftari na kumwandikia shoga yake wa tangu utotoni, Aissatou, aliyeko Marekani. Wote wawili waliolewa kwa mapenzi, na wote wawili waliletewa mke mwenza. Aissatou aliondoka. Ramatoulaye alibaki.

“Ramatoulaye ni mnyonge, shujaa ni Aissatou”

Nianze na hilo neno “kanyamaza”, kwa sababu si kweli. Rudini kwenye ukurasa wenyewe. Ni jioni, nyumba inanukia udi, na wanaingia wanaume watatu waliovaa kanzu zao kubwa: imamu wa mtaa, Tamsir kaka yake Modou, na Mawdo Bâ, daktari, rafiki wa familia, yule aliyeachwa na Aissatou. Wanazunguka mbuyu. Mama wa watu anadhani mumewe amepatwa na ajali. Mwishowe imamu anamwambia kwamba Modou hajafanya zaidi ya kuoa mke wa pili leo hii, na kwamba wao wanatoka msikitini Grand-Dakar ilikofungwa ndoa. Tamsir anaongeza salamu: Modou anamshukuru kwa robo karne ya ndoa.

Sasa tazameni anachofanya. Anajiamuru asiwape wageni hawa raha ya kwenda kusimulia jinsi alivyoanguka. Anatabasamu. Anawashukuru kwa ujumbe wao, anamtumia Modou shukrani, anawapa kinywaji, anawasindikiza katika uleule moshi wa udi, anawapa mkono. Mimi sijui nguvu kubwa kuliko hiyo. Waliokuja walitarajia mayowe, wakarudi mikono mitupu. Mwanafunzi anayeona unyonge pale amesoma midomo ya Ramatoulaye tu, na mwandishi ametupa kichwa chake chote tukisome.

La pili. Pingamizi ya yule mwanafunzi wa dawati la nyuma, Mariama Bâ aliiandika humohumo kitabuni. Daba, binti mkubwa wa Ramatoulaye, anamwambia mama yake amwache mtu huyu, afanye kama shangazi Aissatou. Kwa hiyo ukisimama darasani ukasema “angeondoka”, hujagundua kitu kilichompita mwandishi. Umerudia maneno ya Daba. Tena Daba ana uchungu wake halali: huyo mke wa pili, Binetou, ni msichana wa rika lake, shoga yake wa shule, aliyekuwa akija nyumbani kwao kujisomea. Alikuwa akimsimulia Daba habari za mzee anayemnunulia magauni, na mzee huyo ndiye baba yake Daba. Hapa kwetu tungemwita fataki, na mambo yangeishia kwenye kucheka. Riwaya haituruhusu kucheka, kwa sababu Binetou naye anatolewa shule na mama yake kwa tamaa ya nyumba na gari.

Ramatoulaye anamsikiliza binti yake, analia peke yake, anahesabu umri wake na watoto wake, kisha anaamua kubaki. Lakini anabaki kwa masharti, na hapa ndipo wasomaji wengi wanapitiwa. Anajiandaa kwa ukewenza kama dini inavyousema: kugawana kwa usawa, zamu kwa zamu. Modou hakuja zamu yake hata siku moja. Kuanzia harusi ile hadi kufa kwake, miaka mitano, hakukanyaga tena pale nyumbani. Kwa hiyo swali la “kwa nini hakuondoka” limekaa kichwa chini miguu juu. Aliyeondoka ni Modou. Ramatoulaye alibaki kwenye nyumba iliyohamwa na mume, watoto 12 mgongoni.

Na akafanya nini? Akalipa bili za maji na umeme kabla ya siku ya mwisho. Akajua vitasa vinavyolegea na mabomba yanayovuja. Majirani walimshauri waganga wa kumrudisha mume, akakataa. Aliingia sinema peke yake na watu wakamkodolea macho, maana mwanamke wa makamo hakai gizani peke yake. Watoto walipoanza kufedheheka kwa kubanana ndani ya basi huku baba yao akipita na gari, Aissatou alimnunulia Fiat 125, naye akajifunza kuendesha ilhali anaogopa. Mkwe mpya wa Modou alikosa usingizi kwa ajili ya ile Fiat.

Kisha linakuja tukio ambalo mimi nasema ndilo mhimili wa kitabu. Arubaini imepita. Wanakuja tena watu walewale watatu, na Tamsir, kaka wa marehemu, anamtangazia mjane kwamba akitoka eda atamwoa. Anamtangazia, hamuulizi. Hapo mwanamke aliyemeza yote anapasuka. Anamwambia kwamba ana moyo na ana akili, na si chombo cha kupokezana mkono kwa mkono. Anamkumbusha pia nani anamlisha huko kwake: mke mmoja anatia rangi vitambaa, mwingine anauza matunda, wa tatu anazungusha cherehani mchana kutwa. Baadaye anakuja Daouda Dieng, daktari, mbunge, mtu muungwana aliyempenda tangu ujana. Majirani wanampigia vigelegele mapema. Anamkataa, kwa kuwa Daouda ana mke, na yeye aliyeachwa jana kwa ajili ya mwanamke mwingine hawezi kumtia mwenzake katika shimo lilelile. Mnyonge gani huyu? Mwanamke mwenye watoto wengi hivyo, madeni juu, anamrudishia bahasha mbunge mwenye fedha na heshima zake, kwa sababu ya mke asiyemjua vizuri.

La mwisho katika hili, na ndilo linalonikera zaidi likisahauliwa. Aissatou mnayemshangilia mmemjulia wapi? Barua aliyomwachia mumewe Mawdo ni fupi tu. Mengine yote, kwamba aliondoka na wana wake wanne wa kiume, akapanga nyumba, akasoma, akawa mkalimani, akafika ubalozi wa nchi yake Marekani, tunayapata kwa kalamu ya Ramatoulaye, anayemsimulia Aissatou mwenyewe mambo ambayo Aissatou anayajua tayari. Fahari mnayoiona juu ya Aissatou ni fahari ya Ramatoulaye. Ni yeye aliyewafundisha kumpenda. Mwanamke anayeweza kuandika kwa upendo mkubwa hivyo juu ya njia ambayo yeye hakuichagua, bila kijicho na bila kujitetea kila mstari, ndiye anayenifanya nikirudie kitabu hiki kila mwaka wala nisikichoke. Mariama Bâ aliweka njia mbili mezani akakataa kutuambia ipi ni sahihi. Ndiyo maana zaidi ya miaka 40 baadaye watu wanagombana barazani.

“Kitabu kinapinga Uislamu”

Hili linaletwa na wazazi, wachache, kwa sauti ya chini, mlangoni mwa ofisi ya walimu. Huwa nawaomba wakae, nawasomea kurasa za mwanzo. Kuna maji ya Zamzam yaliyotunzwa kwa ajili ya maiti. Kuna kisomo. Kuna mjane anayesema waziwazi kwamba moyo wake unakubaliana na matakwa ya dini, na anaikaa eda yake miezi 4 na siku 10 bila kunung’unika. Kitabu chote kimeandikwa kutoka ndani ya eda. Mtu anayepinga dini hachagui chumba hicho kuandikia.

Mwenye kushitakiwa ni Modou, na anashitakiwa kwa sheria anayodai kuifuata. Sura ya An-Nisaa inasema mtu akichelea kutofanya uadilifu, basi mmoja tu. Yeye alichukua ruhusa akaacha sharti.

Miaka michache nyuma nilikuwa na mwanafunzi aliyesoma chuoni kwa sheikh, anaijua faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Tulipofika pale Ramatoulaye anapotumia neno mirasse, ambalo ni hili hili letu la mirathi, na kusema kwamba marehemu huvuliwa siri zake zote, nilimpa chaki. Akaandika ubaoni: wake wawili, watoto wapo, kwa hiyo wake wanagawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kila mmoja nusu yake. Halafu akasita. “Lakini mwalimu, deni kwanza.” Ndiyo. Deni kwanza, ndipo urithi. Na Modou alikopa faranga milioni 4 kwa kuweka rehani nyumba anayoishi Ramatoulaye. Hati ina jina la Modou peke yake, ingawa nyumba waliijenga kwa akiba ya wote wawili. Fedha ile ikanunua nyumba ya Binetou, ikawapeleka wakwe wapya Makka wakarudi na majina ya heshima, ikawa inabadilisha magari aina ya Alfa Romeo kila moja likibonyea. Yule kijana alisimama na chaki, akatazama hesabu yake, akaifuta. Hakukuwa na cha kugawa.

Sijawahi kueleza sura ile vizuri kuliko alivyoieleza yeye kwa kufuta ubao. Na dini ndiyo iliyompa macho ya kuona dhuluma ilipo.

Kuna jambo jingine hapohapo ambalo nilikuwa nalifundisha vibaya. Siku za msiba, rambirambi zinakusanywa na kugawanywa sawasawa kati ya wajane wawili, mwenye robo karne na mwenye miaka mitano, kisha wakwe wanaondoka na burungutu la noti na kuwaacha wajane bila kitu. Nilizoea kusema mwandishi anakejeli tamaa. Mama mmoja katika kikundi chetu, mjane mwenyewe, akanisahihisha kwa upole: “Mwalimu, kwenye eda huna kazi ila kuhesabu. Nani alikuja, nani alileta nini, nani alichukua. Hakejeli huyo. Anahesabu.” Nimesoma upya kurasa zile, na kweli ni hesabu tupu, kiasi kwa kiasi.

“Ni maisha yake mwenyewe Mariama Bâ”

Si maisha yake. Katika insha nazosahihisha nakuta hadi “mwandishi Ramatoulaye”, na hapo huwa naweka mstari mwekundu. Mariama Bâ alizaliwa Dakar mwaka 1929, akafiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi upande wa mama. Alisoma chuo cha ualimu cha Rufisque, akafundisha kwa miaka 12, kisha afya ikamtoa darasani akawa mkaguzi. Alizaa watoto 9, akaachana na mumewe, mwanasiasa Obèye Diop. Kama lazima umfananishe na mmoja wao kwa hilo la ndoa, basi ni Aissatou, yule aliyeondoka. Tafakarini hilo: mwanamke aliyetoka katika ndoa yake akakaa chini akampa kalamu mwanamke aliyebaki. Aliingia kichwani mwa mtu aliyefanya kinyume chake na akamtendea haki. Mkiita hiyo “kusimulia maisha yake” mnamnyang’anya kazi yake kubwa kuliko zote.

Kilichotoka maishani mwake kipo, nacho ni mwalimu mkuu mzungu wa chuo chao, mama ambaye riwaya inamshukuru kwa maneno mazito. Mimi nikiwa mwalimu nazipenda kurasa zile kupita kiasi, sifichi.

“Ni kitabu cha wanawake”

Wavulana husema hivi wakitaka kukwepa kazi ya nyumbani. Huwa nawapa Mawdo. Daktari, msomi, anampenda mkewe kweli. Mama yake, mwenye damu ya kifalme ya Sine, ufalme wa zamani huko Senegal, hakumsamehe kuoa binti wa sonara. Anachukua mtoto wa kaka yake, anamlea, anamsomesha ukunga, kisha anamkabidhi mwanawe kama zawadi isiyokataliwa. Mawdo anasema ameoa ili mama asife kwa aibu. Kisha bi harusi anapata mimba, na Mawdo anatafuta lugha ya kumweleza Ramatoulaye kwamba mapenzi ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine. Nendeni mkaandike kurasa mbili: je, Mawdo ni mwongo? Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea kurasa saba.

“Kinaishi kwa sababu ya tuzo na mitaala”

Tuzo hufungua mlango, mtaala hununua nakala. Zipo riwaya chungu nzima zilizopata vyote viwili na zimelala stoo za shule zetu zikiliwa na mchwa. Hiki watu wazima wasio na mtihani wananiazima na hawarudishi. Nimepoteza nakala nne. Senegal kwenyewe shule ya bweni ya wasichana kisiwani Gorée ina jina lake, na hilo si jambo la mtaala.

Wapo pia wanaosema mambo yale yamepitwa, sheria zimebadilika. Senegal ilikuwa na Sheria ya Familia tangu mwaka 1972, miaka saba kabla ya riwaya, inayomtaka mwanamume atamke kama ndoa yake ni ya mke mmoja au zaidi. Tanzania tulikuwa na Sheria ya Ndoa tangu 1971. Mariama Bâ aliandika sheria ikiwapo. Aliandika juu ya hati ya nyumba yenye jina moja, na hilo tunalo hadi leo asubuhi.

“Aliandika kitabu kimoja tu”

Viwili. Cha pili, Un chant écarlate, kilitoka mwaka 1981, mwaka aliofariki kwa saratani, akiwa na miaka 52. Kinahusu Ousmane na Mireille, binti wa mwanadiplomasia wa Kifaransa. Kisomeni, lakini baada ya kile cha kwanza.

Ushauri wangu, na nimeutoa hadi wenzangu ofisini wamechoka kuusikia: msikisome kimya. Kwa Kiingereza hakifiki kurasa 100, watu wanadhani ni kazi ya usiku mmoja, wanakipitia mbio, kisha wanakuja kuniambia nani mnyonge. Chukueni ile jioni ya wageni watatu. Mmoja asome imamu, mmoja Tamsir, mmoja Mawdo, na mmoja akae kiti cha Ramatoulaye. Baada ya Tamsir kutoa zile shukrani za robo karne, msomaji wa Ramatoulaye ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kutabasamu na kuwashukuru. Mara ya kwanza nilipojaribu darasani, nafasi ya Tamsir alikuwa nayo yule msichana aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba Ramatoulaye kanyamaza tu. Hesabu haijafika saba, akaweka kitabu mezani na kusema, “Mwalimu, naomba mwingine asome Tamsir.”